Kwa nini taa za mapambo ndani ya gari hupendeza zaidi ukiwa huzioni?

Mercedes-Benz walipotoa S-Class mpya mwaka 2013, walijivunia kwamba ndilo gari la kwanza duniani lisilo na balbu hata moja ya kawaida. Kila taa, nje na ndani, ilikuwa ya LED, na karibu 300 kati ya hizo zilikuwa ndani, wanakokaa watu. Lakini ukikaa kwenye gari hilo usiku, ni vigumu kunyoosha kidole ukasema "taa ile pale". Unachokiona ni milango yenye mng'ao, kapeti inayoonekana vizuri miguuni, na mstari mwembamba wa rangi unaotambaa chini ya dashibodi.

Sasa linganisha na gari ambalo mwenyewe amenunua utepe wa LED wa mita tano, akaubandika pembezoni mwa dashibodi na kuuchomeka kwenye soketi ya kiberiti. Taa zake ni chache zaidi, ila ndizo zinazoumiza macho. Fedha huchangia tofauti hiyo kwa kiasi kidogo. Sehemu kubwa imo katika jicho la binadamu, na mwenye utepe wa bei rahisi anaweza kuifikia hali ile ya kupendeza akijua jicho linataka nini.

Jicho halipimi mwanga, hulinganisha. Likikutana na nukta kali katikati ya giza, hujirekebisha kuifuata nukta hiyo, na kila kilicho kando yake huzama gizani. Ndiyo maana taa iliyo wazi hulifanya gari lionekane jeusi zaidi, wakati taa dhaifu iliyofichwa hulifungua. Mwanga wake hupiga kwanza kapeti au kitambaa cha mlango, ukatawanyika, kisha ukalifikia jicho ukiwa umelainika. Kinachopendeza ni ile sehemu inayoangazwa.

Viwandani hutumia mbinu moja nzuri sana. Huchukua ufito wa plastiki angavu na kuweka LED moja kwenye ncha yake. Mwanga huingia na kusafiri ndani ya ufito kwa kudundadunda kwenye kuta zake bila kutoka. Kisha nyuma ya ufito huchongwa mikato midogo, na kila mkato huruhusu mwanga kidogo kutoka. Matokeo yake LED moja huchora mstari mrefu ulio sawasawa, usio na nukta. Siku hizi nyuzi laini za namna hiyo zinauzwa kwenye maduka ya vipuri na mtandaoni, zikiwa na ukingo mwembamba wa kupenyeza katika ufa uliopo kati ya vipande viwili vya dashibodi. Usizichanganye na nyaya nyingine zinazong'aa mwili mzima na kuja na kiboksi kidogo cha kubadili umeme: hizo hutoa mlio mwembamba unaosikika gari likiwa kimya, na mwanga wake hufifia kadiri zinavyotumika. Hata ile "mbingu ya nyota" kwenye dari za Rolls-Royce ni nyuzi za aina hii ya kwanza kwa asili yake: mwanga hutengenezwa mahali pamoja palipofichwa, na nyuzi kazi yake ni kuubeba hadi kwenye tundu dogo la ngozi ya dari.

Suala la rangi ndilo linalobishaniwa zaidi, na lina historia. Ndani ya jicho kuna seli za aina mbili zinazopokea mwanga. Za kwanza hufanya kazi mchana na ndizo zinazotofautisha rangi. Za pili, zilizo nyingi mno kuliko za kwanza, hufanya kazi gizani na hazijui rangi. Hizi za gizani hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, ambayo huvunjika ikipigwa na mwanga na huchukua takriban nusu saa kujijenga upya kikamilifu. Huvunjwa kwa urahisi zaidi na mwanga wa buluu-kijani, ulio karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 500. Mwanga mwekundu haswa hauigusi sana. Mwanasayansi wa Kicheki, Jan Purkyně, aliligundua jambo hili kwa njia rahisi mwanzoni mwa karne ya 19: jua likizama, maua mekundu hugeuka kuwa meusi mapema, na majani na maua ya buluu hubaki yakionekana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanasaikolojia Walter Miles wa Chuo Kikuu cha Yale alipendekeza marubani wanaosubiri kuruka usiku wavae miwani myekundu. Wangeweza kukaa kwenye chumba chenye taa, wakasoma na kuzungumza, na macho yao yakawa tayari kwa giza. Wazo hilohilo likaingia kwenye magari. Kwa miaka mingi BMW waliwasha dashibodi zao kwa rangi ya chungwa inayoelekea nyekundu, yenye wimbi la nanomita 605. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Volkswagen walienda upande wa pili wakachagua buluu yenye mishale myekundu, na wapo madereva walioilalamikia kwa kuwachosha macho.

Buluu yenyewe ilikuwa ngeni wakati huo. LED nyekundu ilikuwapo tangu 1962, lakini LED ya buluu yenye mwanga wa kutosha ilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990 tu. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2014 kwa kazi hiyo. Kabla yao kusingekuwa na utepe wa rangi zote unaobadilishwa kwa rimoti, kwa kuwa bila buluu huwezi kuchanganya nyeupe wala zambarau.

Je, basi uchague nyekundu? Hapa nasema wazi: rangi ina uzito mdogo kuliko ukali. Dereva wa gari si rubani aliye angani gizani. Mbele yake kuna taa zake mwenyewe, taa za wanaokuja, na taa za nguzo za barabarani, kwa hiyo macho yake hayafiki kamwe kwenye giza kamili. Nyekundu kali itamsumbua kuliko buluu hafifu. Hata hivyo, buluu ina kasoro nyingine mbili: lenzi ya jicho huikusanya mbele kidogo ya retina (ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea taswira), kwa hiyo kingo zake huonekana kama zina ukungu, na lenzi ya mtu mzima wa umri mkubwa huitawanya zaidi. Kwa gari linaloendeshwa sana usiku, mimi ningeweka chungwa au nyeupe yenye joto, kisha ningeipunguza.

Ni kuipunguza kwa kiasi gani? Kuliko unavyodhani. Ukikata mwanga hadi robo, jicho halitaona robo. Litaona kama nusu au zaidi. Watu wengi hurekebisha taa hizi wakiwa wameegesha gari chini ya taa za kituo cha mafuta au nje ya gereji ya fundi, ambako kila kitu huonekana hafifu. Wakifika barabara isiyo na taa, mwanga uleule hugeuka kero. Kwa hiyo swichi ya kupunguza mwanga si nyongeza ya anasa. Bila hiyo kazi haijakamilika.

Halafu kuna kioo. Kila abiria wa basi la usiku anajua dereva anavyoagiza taa za ndani zizimwe kabla ya kuliacha jiji. Kila uso wa kioo hurudisha asilimia 4 hivi ya mwanga unaoupiga ana kwa ana, na kadiri kioo kinavyolala ndivyo kinavyorudisha zaidi. Kioo cha mbele cha magari ya sasa kimelala sana. Mchana asilimia 4 ya kitu kilicho ndani haionekani. Usiku, barabara ikiwa nyeusi, asilimia hiyo inatosha kumfunika mtembea kwa miguu aliyevaa nguo nyeusi. Sehemu ya juu ya dashibodi na nguzo za kioo cha mbele ndizo mbaya kuliko zote. Vioo vya milango navyo vina hatari yake: mwanga ukivipiga, dereva anatazama kioo cha pembeni kupitia taswira ya mlango wake mwenyewe.

Matatu za Nairobi, zile nganya zenye taa za rangi zinazocheza na muziki, zina lengo lingine: kumvuta abiria aliye kituoni. Ni sanaa kamili, na mimi naipenda. Ila mwanga ule ni wa nyuma walipo abiria. Anayetaka kuuhamishia gari dogo, ambamo dereva na abiria wamo chumba kimoja na vioo ni vilevile, anahamisha pia taswira zote hizo.

Mahali salama, basi, ni chini: miguuni kwa dereva na abiria, utepe ukiwa umebandikwa upande wa juu ndani ya uvungu wa dashibodi, chini ya viti vya mbele, ukiangaza miguu ya wanaokaa nyuma, na ndani ya mifuko ya milango. Kaa kwenye kiti chako, kisha inama kidogo kila upande. Kama unaiona hata LED moja, isogeze ndani zaidi.

Kwa upande wa umeme, hesabu ni ndogo lakini inawashinda wengi. Utepe wa kawaida wenye LED ndogo 60 kwa mita hutumia wati 4.8 hivi kwa mita. Gari dogo linahitaji mita moja na nusu kwa jumla, yaani wati 7.2, ambazo kwa betri ya volti 12 ni ampea 0.6. Ni kidogo, ila ukiunganisha moja kwa moja na betri na kuliacha gari uwanja wa ndege kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, saa 72, utakuwa umenyonya ampea-saa 43. Betri nyingi za gari dogo zina 45 hivi.

Tafuta chanzo kinachozimika chenyewe. Kwenye magari mengi ya Kijapani tunayoagiza yakiwa yametumika, kifuniko cha boksi la fyuzi kimeandikwa ACC (umeme unaokuja ufunguo ukigeuzwa), TAIL au PANEL. Fyuzi ya TAIL au PANEL hupata umeme taa ndogo zikiwashwa, na hiyo ndiyo ninayoipendelea: mapambo yanawaka pamoja na dashibodi na kuzimika nayo. Tumia kichukuzi cha fyuzi kinachoingia kwenye tundu hilohilo, weka fyuzi ya ampea 2 kwa ajili ya taa zako, waya wa milimita mraba 0.5, na upande wa hasi ufunge kwenye boliti ya bodi iliyokwanguliwa rangi. Kwenye magari mapya ya Ulaya kompyuta hupima umeme wa kila taa, kwa hiyo usiguse nyaya za taa zenyewe. Chukua kwenye boksi la fyuzi tu.

Tepe nyingi hufa mapema kwenye gari, na sababu ipo. Zimetengenezwa kwa volti 12 kamili, LED tatu tatu zikifuatana na kizuizi kimoja cha umeme (rezista). Injini ikiwaka, alteneta hutoa volti 13.8 hadi 14.4. LED zenyewe hazibadiliki sana, hivyo volti zote za ziada huangukia kizuizi, na mkondo unaweza kupanda kwa nusu au zaidi. Ile swichi ya kupunguza mwanga inaokoa hapa pia, kwa kuwa utepe unaowashwa kwa sehemu ndogo haupati joto.

Kabla ya kupitisha waya popote, tazama nyaya na plagi za njano. Katika magari mengi hizo ni za mifuko ya hewa, na hazichezewi. Mifuko ya pembeni hujificha ndani ya nguzo na ukingo wa dari, na waya uliokatiza mbele yake unaweza kuizuia kufunguka au kurushwa nayo.

Gundi nayo ina mambo yake. Gari likiegeshwa juani Dodoma au Mombasa, dashibodi hupata joto kali, na gundi ya nyuma ya utepe huachia. Futa plastiki kwa spiriti kwanza, iache ikauke, bandika asubuhi kukiwa na ubaridi, kisha shikilia kila ncha kwa kifungo cha plastiki. Utepe ukidondoka miguuni kwa dereva, unaangukia kwenye pedali, na hapo ndipo pa kukaza vifungo viwili badala ya kimoja.