Mstari mmoja au miwili: jibu la kujipima VVU nyumbani lina uhakika kiasi gani?

Anayejipima VVU nyumbani akinitafuta, mara nyingi anauliza jambo moja tu: "Kile kipimo ni cha uhakika asilimia ngapi?" Anataka namba moja aishike, usiku apate usingizi. Mimi ni mtu wa maabara, namba ninazo na nitazitaja. Lakini namba ya kipimo ni jambo moja, na uhakika wa jibu lako wewe ni jambo jingine. Mkanganyiko huo ndio unaowaumiza watu, wengine kwa hofu isiyo na sababu, wengine kwa utulivu usio na sababu.

Hapa Tanzania kujipima kuliruhusiwa rasmi baada ya Bunge kurekebisha sheria ya UKIMWI mwaka 2019. Kipimo ambacho wengi wamekishika mkononi ni OraQuick, kile cha kupangusa fizi. Hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya virusi kuingia, na askari hao hupatikana hata kwenye majimaji ya fizi. Naulizwa sana kama basi busu linaambukiza. Hapana. Mate hayaambukizi VVU, na kipimo hakisemi kwamba virusi vimo kwenye mate.

Sasa namba. Kipimo hiki kiliidhinishwa Marekani kwa matumizi ya nyumbani mwaka 2012, baada ya kujaribiwa na watu wa kawaida waliojipima wenyewe. Kati ya watu 12 wenye VVU, kilimkosa kama 1. Kati ya watu 5,000 wasio na VVU, kilimpa 1 jibu chanya la uongo.

Hiyo "1 kati ya 12" imewatia watu kiwewe. Mtu ameona mstari mmoja, yaani jibu hasi (miwili ndiyo chanya), kisha anakesha akijiambia kwamba ana nafasi moja kati ya 12 ya kuwa na VVU. Sivyo kabisa. Namba ile inawahusu watu ambao tayari wana VVU. Haisemi kwamba katika kila majibu hasi 12, moja ni la uongo.

Tupige hesabu ya mfano. Chukua watu 10,000 wasiojua hali zao, tuseme 100 kati yao wana VVU. Kipimo kitawaona 92 na kuwakosa 8. Wale 9,900 wasio na VVU, 9,898 watapata mstari mmoja na 2 watapata miwili kimakosa. Kwa hiyo majibu hasi ni 9,906, na ya uongo humo ni 8. Hayafiki hata 1 kwa kila 1,000. Majibu chanya ni 94, na ya uongo ni 2.

Badilisha kundi uone. Kama ni watu walio kwenye hatari kubwa, mfano wenye wenza wanaoishi na VVU ambao hawatumii dawa, na tuseme 2,000 kati ya 10,000 wana maambukizi, majibu hasi ya uongo yanapanda hadi karibu 1 kati ya 50. Kipimo ni kilekile, mkono ni uleule. Na katika kundi ambalo wenye VVU ni 10 tu kwa 10,000, majibu chanya yatakuwa kama 11, na 2 kati ya hayo ni ya uongo. Ndiyo maana nakataa kumjibu mtu kwa asilimia kabla sijamuuliza maisha yake yakoje, na kabla sijamuuliza swali la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko hesabu zote hizo.

Ulijiweka hatarini lini?

Kingamwili hazijitokezi siku ya pili. Kwa watu wengi huanza kuonekana kati ya wiki ya 3 na ya 12, na kwenye fizi ni chache kuliko kwenye damu, hivyo kipimo cha fizi huchelewa zaidi kuziona. Hiki ndicho kipindi cha dirisha. Tukio likiwa la Jumamosi iliyopita na leo ukaona mstari mmoja, jibu hilo halisemi lolote kuhusu Jumamosi. Linazungumzia hali yako ya miezi mitatu nyuma. Na wiki hizo za mwanzo ndipo virusi huwa vingi sana mwilini, kwa hiyo mtu anaweza kumwonesha mwenzake mstari mmoja kwa nia njema kabisa, akavua kondomu, na akamwambukiza usiku uleule. Pima sasa ukitaka, lakini rudia miezi mitatu ikitimia. Na kama hazijapita saa 72 tangu tukio, achana na kujipima: kimbia kituo cha afya ukapate dawa za kinga, kwa sababu kila saa inayopita inapunguza nguvu ya dawa hizo.

Kuhusu namna ya kupima, makosa ninayoyaona kwenye picha ninazotumiwa ni karibu yaleyale. Kipimo kinasomwa kuanzia dakika ya 20, na si baada ya dakika ya 40. Kilichookotwa asubuhi kwenye pipa la taka kikiwa na kivuli cha mstari hakisomeki tena. Fizi zinapanguswa mara moja juu na mara moja chini, bila kula wala kunywa kwa dakika 15 kabla, na ukiwa umepiga mswaki subiri dakika 30. Mstari wa C, ule unaoonesha kwamba kipimo kimefanya kazi, usipojitokeza, kipimo kimeharibika hata kama T, ule wa jibu lenyewe, upo. Na mstari wa T uliofifia, ukiwa pamoja na C ndani ya muda, unahesabika. Sogea dirishani kwenye mwanga, angalia vizuri, usijibembeleze kwamba "haujakolea". Kufifia hakumaanishi VVU kidogo.

Kundi jingine linanisikitisha zaidi. Mtu ametumia ARV kwa miaka, ameombewa au amepewa dawa ya mitishamba, anajipima kwa siri, anaona mstari mmoja, anaacha vidonge. Ndugu yangu, dawa zikivifubaza virusi, kingamwili zinaweza kupungua hadi kipimo cha fizi kisizione. Virusi vimejificha, na ukiacha dawa vitarudi. Anayetumia ARV hapaswi kujipima kabisa. Kipimo chake ni cha wingi wa virusi, kliniki. Anayetumia PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya kujiweka hatarini, naye apimiwe kituoni, maana dawa hizo zinaweza kuchelewesha kingamwili kujitokeza.

Ukiona mistari miwili, hujapewa jibu la mwisho. Kipimo kimoja peke yake hakimtangazi mtu kuwa ana VVU, hata kikifanywa na sisi maabara. Nenda kituoni ukiwa na mtu unayemwamini kama yupo, umwambie mshauri nasaha kwamba umejipima na umeona mistari miwili. Huna haja ya kubeba kile kijiti wala kumwonesha picha, kwa sababu havitatumika. Utachomwa kidoleni, na upimaji utaanza upya kwa damu, kwa vipimo zaidi ya kimoja. Vikithibitisha, dawa unaweza kuanzishwa siku hiyohiyo.