Ukubwa wa kampuni si kasi ya intaneti
Wengi Nairobi huamini kampuni ya kitaifa lazima iishinde kwa kasi ile ndogo ya mtaani. Sivyo. Kwa kawaida zote mbili hutegemea nyaya zilezile za baharini zinazotua Mombasa, kama SEACOM, TEAMS na EASSy. Tofauti huanzia mtaani: laini moja imegawiwa nyumba ngapi, na faiba ikikatika, fundi hufika baada ya muda gani.

Kabla ya kulipa, mwombe jirani aliyeunganishwa tayari na kampuni hiyo akuruhusu upime kwake. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, maana waifai yenyewe hupunguza kasi, kisha pima kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kipimo cha mchana hudanganya. Wengi wako kazini. Mbps 10 (megabiti kwa sekunde, kipimo cha kasi) zikishuka hadi 2 kila usiku, huenda wateja wamezidi uwezo wa laini.

Uliza pia leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano.