Maana ya neno "sliver" na namna ya kulitumia

Sliver ni neno la Kiingereza linalotaja kipande chembamba, kirefu kuliko upana wake, kilichopasuka au kukatwa kutoka kwenye kitu kikubwa. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha Zama za Kati chenye maana ya kupasua. Hutamkwa "sliva", mkazo ukiwa mwanzoni.

Udogo peke yake hautoshi. Chenga za mchele ni ndogo, lakini hakuna anayeziita slivers, maana hazina urefu. Kioo kikivunjika, kipande kipana chenye makali ni shard, yaani kigae; kilicho chembamba kama sindano ndicho sliver. Kwa ubao, neno letu ni kibanzi. Kibanzi kikikuchoma kidoleni, Mwingereza atasema splinter, ilhali Wamarekani na Wakanada wengi husema sliver. Maranda yanayotoka kwenye randa hayamo humu. Hayo ni shavings.

Katika sentensi neno hili huhesabika: a sliver of soap, slivers of glass. Lipo pia kama kitenzi, hasa jikoni. Slivered almonds ni lozi zilizokatwa vijiti. Flaked almonds ni zile bapa, nyembamba zaidi, kwa hiyo huungua upesi zikikaangwa.

Ugumu huanza kwenye lugha ya mafumbo. A sliver of hope ni chembe ya matumaini. "Kipande chembamba cha matumaini" hakisomeki. A sliver of moon ni mwezi mwembamba, hilali. A sliver of light ni mwanga unaopenya kwenye ufa. Kila mara msisitizo ni uchache, kwa hiyo usilitumie kwa kitu kilicho tele.

Katika viwanda vya nyuzi maana hubadilika kabisa, na wengi hulitamka "slaiva". Hapo sliver ni mkanda mrefu, laini, wa pamba au sufu iliyochanwa, nyuzi zikiwa zimelala sambamba bila kusokotwa. Ndiyo maana ukiuvuta kwa mkono huachana mara moja. Mfasiri wa mwongozo wa mashine akiandika "kibanzi" hapo, fundi atatafuta uchafu ndani ya pamba.

Chunga tahajia pia. Silver ni madini ya fedha, na programu ya kusahihisha maandishi mara nyingi hailioni kosa hilo kwa sababu maneno yote mawili ni sahihi. Slither ni kutambaa kama nyoka, ingawa hata wenyeji wa Kiingereza huandika a slither of cheese wakikusudia sliver.