Herufi "a" moja haitoshi

Boksi la msaada lilifika shuleni likiwa limezungushiwa gundi ya karatasi pande zote, na sisi walimu tukalizunguka kama watoto. Ndani mlikuwa na herufi za plastiki za rangirangi, zenye sumaku nyuma, za kubandika kwenye ubao wa bati. Mwalimu wa darasa la kwanza akamwita mtoto mmoja aje aunde neno ambalo wengi wetu tulianza nalo: baba. Mtoto akaweka b, akaweka a, akaanza kupekua. Akapekua weee, mwishowe akainua macho: "Mwalimu, b imeisha."

Seti nzima ilikuwa na herufi 26, kila moja ipo moja tu. Aliyeitengeneza alikuwa na Kiingereza kichwani, lugha ambayo maneno mafupi ya kuanzia mengi hayarudii herufi. Kwetu sisi, anapanda peke yake inataka a nne. Na wakati a inagombaniwa, q na x zimekaa pembeni hazina kazi, c inaisubiri h, na ng' huwezi kuiandika kabisa kwa sababu kile kialama cha juu hakimo kwenye boksi.

Sisimulii haya kwa kudharau msaada. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kabla ya kuanza kuzunguka shule mbalimbali kuwasaidia walimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na ninajua darasa lenye watoto zaidi ya mia moja lilivyo, hasa tangu elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016 na wazazi wakawaleta hata waliokuwa wanashinda nyumbani. Katika darasa la namna hiyo karatasi ya manila ni mali. Ila kifaa humsaidia mtoto aliyekwama pale tu kinapogusa mahali alipokwamia, na hapo ndipo wafadhili, na mara nyingi sisi wenyewe, tunapokosea.

Kiswahili kimemrahisishia mtoto kazi. Irabu ni tano, na sauti ya kila moja leo na kesho ni ileile. Akijua sauti ya m na sauti ya a, akaziunganisha, amepata ma, na ma hiyo ni ma kwenye mama, kwenye maji na kwenye kisima. Shida inaanza anapokaririshwa majina ya herufi badala ya sauti. Anasoma "em, a, em, a", halafu ananikodolea macho akingoja nimwambie hilo ni neno gani. Mabango ya alfabeti ya Kiingereza huzidisha mkanganyiko. Liko moja ninalokutana nalo sana, herufi i imewekewa picha ya aiskrimu. Mtoto anajifunza kwamba i ni "ai", kesho akikuta kiti anasoma "kaitai". Bango hilo nikilikuta ukutani ninaomba lishushwe, hata liwe limelaminishwa na kupendeza namna gani.

Kadi za silabi, kwa upande wangu, ndizo zinazolipa. Mtu akituuliza alete nini, ninamwambia manila, maka peni nyeusi na mkasi. Ukiwa na ka, ta, pa na ma tu, kila moja kadi mbili, tayari mtoto anasoma kata, taka, paka, pata, kaka, papa, mama na kama. Maneno manane kwa kadi nane. Aliyekwama huwa amezoea kutazama ubao kwa mbali, mwalimu akisema naye anasema, na hakuna anayejua kama amesoma au ameitikia. Ukimpa kadi mkononi, akaisogeza pa hadi ikagusana na ka, midomo yenyewe inaanza kuunganisha. Kosa lake nalo linaonekana wazi, maana liko juu ya dawati.

Kwa herufi mojamoja tunaokota vifuniko vya soda, ambavyo havihitaji mfadhili, vinahitaji urafiki na mwenye duka. Na hapa nikiri uzembe wangu. Siku moja nilimwambia mtoto wa darasa la pili aunde dada. Akaunda. Nikatazama, nikaona ametumia vifuniko nilivyoandika p kwa mkono wangu mwenyewe, nikamwambia siyo. Akabisha kwa adabu: "Mwalimu, hii si d?" Nikainama upande wake wa dawati. Ilikuwa d. Kifuniko ni duara, hakina juu wala chini, kwa hiyo p ukiipindua ni d, n inakuwa u, na m inakaribia w. Nilikuwa nimemkosoa mtoto kwa kosa la kifaa changu. Tangu siku hiyo kila kifuniko ninakipigia mstari mwekundu chini ya herufi.

Mstari huo hauwezi kumaliza ugomvi wa b na d, ambazo zinatazamana kama kwenye kioo. Kiswahili nacho kimefanya makusudi kuwa na baba na dada, maneno mawili ya mwanzo kabisa, yote ya nyumbani. Mimi siyafundishi pamoja. Ninaiacha b ikomae wiki kadhaa ndipo ninaileta d.

Sasa vitabu. Kuna mtoto anayeweza kukusomea ukurasa mzima bila kukosea, kidole kikienda mstari kwa mstari, nawe ukafurahi. Ziba picha kwa kiganja, kisha muulize neno la tatu ni lipi. Kimya. Walimu tunasema "anaimba". Kitabu kimoja kinachosomwa na darasa zima hutoa waimbaji wengi sana. Kikundi cha watoto sita waliokwama kinataka nakala sita za hadithi moja, kila mtoto na yake, waifuate kwa vidole vyao. Boksi lenye vitabu sitini tofauti linapendeza kwenye picha ya makabidhiano, lakini kikundi changu hakiwezi kulitumia.

Tena vitabu vinavyotafsiriwa kutoka Kiingereza huja vimepangwa ngazi kwa kuhesabu maneno ya kila ukurasa. Kwetu hesabu hiyo haina maana. Walimkimbilia ni neno moja, lakini lina silabi saba, mojawapo ni mbi ambayo ndiyo inayowaangusha wengi, na ndani yake mna mtenda, wakati na mtendwa. Mtoto wa hatua ya kwanza atazama humo. Afadhali hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya hadithi za watoto, kwa mfano, wanazo hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, unazichapisha bila kumlipa mtu.

Kisha kuna suala la stoo. Vitabu vikishaandikwa kwenye leja vinakuwa mali ya shule, na kikipotea anaulizwa mwalimu. Basi vinafungiwa kabatini. Nimefungua kabati la shule moja nikakuta hadithi nzuri za Kiswahili bado ziko kwenye nailoni, na watoto wa chumba cha pili wanasoma ubao. Sikumlaumu yule mwalimu, kwa sababu ndiye angeulizwa. Siku hizi ninawaomba wanaotoa msaada waandike kwenye barua ya makabidhiano sentensi moja: vitabu hivi vinatarajiwa kuchakaa. Mwalimu mkuu akiwa na karatasi hiyo, kabati linafunguka. Kisha tunavitundika kwa kamba ukutani, usawa wa macho ya mtoto, na baada ya mwezi ninaangalia pembe za kurasa. Kilicho kisafi bado hakijapata msomaji.

Zile herufi za plastiki bado zipo. Nilirudi shuleni pale wiki mbili baadaye, nikamkuta mtoto yuleyule mbele ya ubao wa bati. Alikuwa ameichukua q, ile isiyo na kazi, akaipindua kichwa chini na kuibandika. Ikawa b. A ya pili alikuwa ameichora kwa chaki.