Yoga si kujikunja

"Yoga siiwezi, viungo vyangu vimekakamaa." Kauli hii husemwa kana kwamba yoga ni mtihani wa kujikunja, na asiyefika vidole vya miguu amefeli.

Kwa kifupi, yoga ni mfumo wa kale wa India unaofundisha mwili, pumzi na akili ili mtu atulie na kujitambua.

Kinachowachanganya watu ni asana, yaani ile mikao ya pichani. Yoga Sutra, matini ya kale ya yoga anayohusishwa nayo mwanazuoni wa India, Patanjali, ina semi fupi zipatazo 195. Zinazoizungumzia asana waziwazi ni tatu. Tatu tu! Nazo hazidai ujikunje. Zinataka mkao uwe imara na wa raha, maana mtu atakaa hapo muda mrefu akiichunga akili yake. Kati ya matawi manane ya yoga anayoyataja Patanjali, asana ni la tatu. Yaliyotangulia ni yama na niyama: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, usafi, kuridhika. Hayo hayapigiki picha, pengine ndiyo maana hayasikiki. Baada ya asana ndipo inakuja pranayama, yaani kuitawala pumzi, kisha kazi ya ndani hadi samadhi, yaani utulivu wa kina wa akili.

Hata Hatha Yoga Pradipika, matini ya yoga ya karne ya 15, inayoujali mwili kwelikweli, inaeleza asana 15 tu, nyingi za kukaa chini. Ile mikao ya kufululiza, kuinama na kuruka kwa kufuata pumzi, ilishamiri miaka ya 1930 huko Mysore, mji wa India alikofundisha mwalimu wa yoga Krishnamacharya, na wanafunzi wake kama Pattabhi Jois wakaieneza. Si bandia, la hasha. Ni changa tu.

Wala mkao haudharauliwi. Kaa chini, nyoosha miguu, inama mbele. Nyuma ya mapaja patavuta, na papo hapo huenda ukajikuta umebana pumzi na kukaza taya bila kujua. Ukiligundua hilo, ukaitoa pumzi polepole na taya likalegea, umefanya kazi yenyewe, hata kama mikono imeishia magotini. Mwili nao unapata chake, kwani pumzi ikitoka taratibu, mapigo ya moyo hupungua.

Anayenyoosha misuli akasema "nafanya yoga" basi hajakosea sana. Anafanya asana, matawi mengine saba bado yapo.