Kwa Nini Bado Tunahitaji Cheti cha Uasili Ndani ya Umoja wa Forodha

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote katika kazi yangu ya ushauri wa forodha ni hili: ikiwa Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutekeleza Umoja wa Forodha Januari 2005, na Rwanda na Burundi zikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kwa nini mzigo uliotengenezwa upande mmoja wa mpaka utozwe ushuru wa asilimia 25 ukifika upande wa pili? Anayeuliza huwa ameshalipa, na anaamini kwamba ameonewa. Wakati mwingine ameonewa kweli. Mara nyingi zaidi amekwama kwa sababu ya karatasi moja ambayo hakuna aliyewahi kumweleza kazi yake, nayo ni cheti cha uasili wa bidhaa.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba msamaha wa ushuru hupewa bidhaa, wala haumfuati mfanyabiashara, kiwanda au lori. Bidhaa hiyo ni lazima ithibitike kuwa imezalishwa ndani ya Jumuiya, na kanuni za uasili za mwaka 2015 ndizo zinazoeleza namna ya kuthibitisha. Mahindi yaliyovunwa, ng'ombe aliyezaliwa na kukuzwa, madini yaliyochimbwa, vyote hivi havina ubishi. Ubishi huanzia kiwandani, pale malighafi inapotoka nje. Tuseme kiwanda kinatengeneza beseni za plastiki kwa chembechembe zilizonunuliwa Asia. Kwa bidhaa nyingi, kanuni inaruhusu thamani ya malighafi ya kigeni, ikihesabiwa pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ifike hadi asilimia 70 ya bei ya bidhaa inapotoka kiwandani. Beseni zenye thamani ya 100 zilizotumia malighafi ya 62 zinapita. Zilizotumia 74 zinahesabiwa kuwa za kigeni hata kama wafanyakazi wote ni wananchi na mashine zinakesha zikinguruma. Ndiyo maana huwa nawashauri wenye viwanda kuifanya hesabu hii upya kila bei ya malighafi au nauli ya meli inapopanda, kwa kuwa bidhaa iliyopita mwaka jana inaweza kushindwa mwaka huu bila kitu chochote kubadilika ndani ya kiwanda.

Cheti chenyewe hutolewa na mamlaka ya nchi inayosafirisha, kikakaguliwa na maofisa wa nchi inayopokea. Nakumbuka shehena moja ya mteja wangu ambayo cheti chake kilisoma namba ya uainishaji, yaani namba ya forodha inayotambulisha aina ya bidhaa, 3923, inayohusu makasha na vifungashio vya plastiki, ilhali ankara ilisoma 3924, inayohusu vyombo vya nyumbani. Shehena ilikuwa ya beseni. Tofauti ya tarakimu moja, kosa la mwandishi wa hati upande wetu, nami nilikuwa nimelipitia bila kuliona. Ofisa wa upande wa pili alikataa cheti na kukadiria ushuru kamili, na ingawa mteja alimlaani, mimi nilijua kwamba ofisa yuko sahihi, kwa sababu cheti kinachotaja bidhaa nyingine hakithibitishi chochote kuhusu bidhaa iliyomo kwenye lori. Tulirekebisha, lori likavuka siku ya tatu. Tangu siku hiyo huanza kwa kulinganisha namba kabla sijasoma kitu kingine chochote.

Kwa wafanyabiashara wadogo mambo ni mepesi kiasi, maana mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani hutumia cheti kilichorahisishwa, ambacho hutolewa mpakani hapohapo. Wengi hawakitumii. Wengine wanaogopa meza ya ofisa kuliko wanavyoiogopa njia ya panya, na wengine wamekwisha kusikia kwamba ndani ya Jumuiya hakuna kodi kabisa, kisha wakifika wanadaiwa kodi ya ongezeko la thamani na kuhisi kwamba wamedanganywa. Hapo ni lazima niseme wazi: kilichoondolewa ni ushuru wa forodha. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Uganda, inaendelea kutozwa kwa bidhaa zinazohusika, kama inavyotozwa kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya nchi hizo.

Msomaji makini atakuwa ameshaanza kutilia shaka maelezo yangu. Kama ni umoja wa forodha, cheti cha uasili ni cha nini? Shaka hiyo ina msingi. Katika umoja wa forodha uliokamilika, nchi zote hutoza ushuru uleule kwa bidhaa zinazotoka nje, na mzigo ukishalipiwa kwenye mlango wa kwanza huzunguka kwa uhuru. Katika Umoja wa Ulaya, kontena lililolipiwa ushuru Rotterdam linaweza kwenda Vienna bila mtu kuuliza asili ya kilichomo, na robo tatu ya ushuru uliokusanywa inaingia katika bajeti ya pamoja, kwa hiyo hakuna nchi inayopata hasara kubwa kwa sababu mzigo uliingilia bandari ya jirani. Kwetu, kila nchi inategemea mapato yake yenyewe ya forodha, na Ushuru wa Pamoja, yaani viwango vya Jumuiya kwa bidhaa zinazotoka nje, haulingani kila mahali licha ya jina lake.

Kwenye maandishi, ushuru huo una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa bidhaa ambazo kanda inaaminika kuzalisha kwa wingi, zikiwemo samani, nguo na bidhaa za ngozi. Kuna pia orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi, kama mchele na sukari. Lakini kila mwaka, mwaka wa fedha unapokaribia kuanza tarehe 1 Julai, Gazeti la Jumuiya, yaani gazeti lake rasmi la matangazo, huchapisha kurasa kadhaa za nchi zilizoruhusiwa kutotumia kiwango cha pamoja kwa bidhaa fulani kwa muda wa mwaka mmoja: hii inatoza juu zaidi ili kulinda viwanda vyake, ile inatoza chini zaidi ili kupunguza bei. Juu ya hayo upo msamaha wa ushuru kwa malighafi za viwanda vilivyotajwa, nao una sharti ambalo wawekezaji wengi hulisoma wakiwa wamechelewa: bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi iliyosamehewa nchi moja, ikiuzwa nchi nyingine ya Jumuiya, inaweza kutozwa ushuru kamili kama kwamba imetoka nje. Kwa maoni yangu cheti cha uasili kinapaswa kutazamwa kwa jicho hilo. Kipo kwa sababu Ushuru wa Pamoja una mianya, na kadiri mianya inavyoongezeka ndivyo maofisa wa mpakani wanavyozidi kukikagua kwa mashaka.

Sidharau sababu za mianya hiyo. Jumuiya ya kwanza, iliyoanzishwa 1967, ilivunjika 1977, na mkataba wa sasa, uliotiwa saini Novemba 1999, unataja katika utangulizi wake kwamba miongoni mwa sababu ilikuwa mgawanyo usio sawa wa manufaa kati ya nchi zenye viwango tofauti vya maendeleo. Waliotunga Itifaki ya Umoja wa Forodha hawakulisahau hilo. Bidhaa za Uganda na Tanzania ziliingia Kenya bila ushuru tangu mwanzo, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa katika nchi hizo mbili kwa kiwango kilichopungua mwaka hadi mwaka, hadi kumalizika 2010. Ule ulikuwa upendeleo uliojulikana na kila mtu, wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na mwenye kiwanda aliweza kupanga hesabu zake za miaka mitano akiuzingatia. Ruhusa za mwaka mmoja mmoja hazimpi nafasi hiyo.

Na mwekezaji hujenga kwa hesabu za miaka kumi au ishirini. Tazama bwawa la umeme la Rusumo katika mto Kagera: megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania kupitia kampuni inayomilikiwa na nchi zote tatu. Hakuna aliyeomba ruhusa ya mwaka mmoja kubadilisha mgao, kwa kuwa fungu la kila nchi liliandikwa kabla ya kumwagwa zege. Mwenye kiwanda cha mafuta ya kula au cha vigae hana mkataba wa namna hiyo. Anajenga kwa kutegemea walaji wa nchi jirani, kisha Juni moja anakuta jina la bidhaa yake kwenye Gazeti. Hata bila ushuru anaweza kuzuiwa kwa njia nyingine, kama wauzaji wa mahindi wa Uganda na Tanzania walivyogundua Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yao kwa sababu ya sumukuvu kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti ya usajili na vyeti vya ubora. Asili ya mahindi hayo haikuwa na shaka hata kidogo.

Kwa hiyo mteja anaponijia na ramani, akitaka kujua ajenge upande gani wa mpaka, ramani huwa tunaiweka kando kwanza. Natoa Magazeti ya Jumuiya ya miaka mitano iliyopita, tunatafuta namba ya uainishaji ya bidhaa yake, na tunahesabu ni mara ngapi kila nchi imeomba ruhusa ya kutotumia kiwango cha pamoja. Mmoja wao, baada ya kuhesabu, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama badala ya kiwanda kimoja vinaweza kujengwa viwili vidogo, kimoja kila upande.