Marubani wa Tuskegee: eti hawakupoteza hata ndege moja?

Kila filamu mpya ya vita kuhusu marubani weusi wa Marekani inaposubiriwa, dai lile lile huibuka: marubani wa Tuskegee, wale weusi waliofunzwa Tuskegee, Alabama, na kurusha ndege zenye mikia myekundu, hawakuwahi kupoteza ndege ya mabomu waliyoisindikiza. Si kweli. Gazeti la Chicago Defender lilichapisha dai hilo Machi 1945, Vita vya Pili vya Dunia bado vinapiganwa, na likakaririwa kwa miaka 60 hivi.

Mwanahistoria wa jeshi la anga, Daniel Haulman, alilipima kwa makaratasi. Alichukua ripoti za ndege zilizopotea, zenye tarehe, mahali na chanzo cha kuanguka, akazilinganisha na ripoti za safari za Kundi la 332, kundi la marubani hao. Zilizodunguliwa na mizinga ya ardhini hazihesabiwi. Msindikizaji angezifanyia nini? Zilizoangushwa na ndege za adui zilibaki 27, katika safari 7 kati ya 179 za kusindikiza. Julai 18, 1944 pekee, karibu na Memmingen, Ujerumani, zilianguka 15.

Makundi mengine yaliyorusha P-51, ndege za kivita za kusindikiza, katika Jeshi la Anga la 15 la Marekani yalipoteza wastani wa ndege za mabomu 46 kila moja.